Gramu 712: nani aliusubu msalaba huu?

Kwa shangazi yangu, Kambove, kwetu Katanga nchini Kongo, kuna kipande cha shaba kinachokandamiza mfuniko wa pipa la unga wa bukari, panya wasije wakaufunua usiku. Kina umbo la X; vipande kama hiki huitwa misalaba ya Katanga. Kutoka ncha hadi ncha ni sentimita 20, kila mkono una upana wa sentimita mbili na kitu, na unene wake ni kama sentimita moja. Upande mmoja ni laini na umevimba kidogo. Wa pili una mikunjo na vitundu kama uji ulioganda. Agosti iliyopita nilikipandisha kwenye mizani ya kidijitali ya mama mmoja jirani anayeuza samaki wakavu. Ikasoma gramu 712.

Shangazi akadhani ninapima ili niuze. "Baba, hiki hakitoki humu ndani." Nikamwambia sitaki kukiuza, nataka kujua nani alikitengeneza. Akacheka. "Babu yako mwenyewe alikiokota. Unataka nikupe jina la nani?"

Huko Japani swali kama langu ni kazi ya kila siku. Upanga wa Kijapani una kisahani cha chuma au shaba kati ya mpini na makali, cha kukinga mkono. Wao wanakiita tsuba. Kwa kawaida kina upana wa sentimita saba au nane, na katikati pana tundu la kupitishia upanga. Pembeni mwa tundu hilo fundi aliyependa alichonga jina lake, mara nyingine na mji wake. Amri ya 1876 ilipokataza watu kutembea na panga hadharani, visahani vingi vilitengana na panga zake vikaishia kwenye makabati ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na ikazuka kazi nzima ya kutambua kila kimoja kilitoka mkononi mwa nani. Tangu 1948 kuna jumuiya Tokyo, NBTHK, inayokagua na kutoa vyeti. Hata huko si mteremko. Vingi havina saini, na saini za kughushi zimejaa, kwa hiyo mjuzi huanza na umbo, rangi ya chuma na namna tundu lilivyochongwa. Jina analisoma mwisho, tena kwa jicho la shaka. Lakini akishafika kwenye jina, ana pa kulilinganisha. Ukoo wa mafundi wa Goto, ambao mwanzilishi wake Yujo alifariki 1512, umeandikwa kizazi baada ya kizazi.

Msalaba wa Katanga wenye saini sijauona hata mmoja. Tulichobakiwa nacho ni kupima, na kila kipimo kina bei yake.

Nilianza na maji kwa sababu ni ya bure. Nilijaza ndoo ndogo hadi ukingoni, nikauzamisha msalaba kwa uzi, nikayapima kwa bomba la sindano maji yaliyomwagika: mililita 84. Gramu 712 kwa mililita 84 ni 8.48 kwa kila mililita. Shaba tupu ni 8.96, chuma ni 7.87. Kama ungekuwa shaba tupu isiyo na povu, msalaba wa ukubwa huo ungekuwa na gramu 753. Zile 41 zinazokosekana, kama asilimia tano, ni hewa: mapovu yaliyonaswa ndani shaba ilipoganda. Shaba iliyomiminwa kwenye kalibu ya wazi, bila kifuniko, huwa hivyo.

Lakini hesabu hiyo ina tundu kubwa kuliko vitundu vya msalaba. Kwa bomba la sindano naweza kukosea mililita mbili huku au kule, na hapo jibu linacheza kati ya 8.28 na 8.68. Shaba nyeupe, ile iliyochanganywa na zinki, nayo inaangukia humohumo. Na kinyago cha watalii kilichosubiwa mjini kwa mabomba chakavu ya maji ni shaba nyeupe. Maji yaliniambia si chuma, basi.

Ndipo nikaenda kwenye depo ya kununua madini. Wanacho kifaa chenye umbo la bastola ambacho kila mchimbaji wa mikono hapa anakiita metorex, na ambacho kila mchimbaji wa mikono anakishuku, maana bei ya gunia lake inategemea namba inayotokea kwenye kioo kile. Kifaa cha aina hiyo kinagharimu makumi ya maelfu ya dola. Kijana mmoja alinielekezea bure kwa sababu hakuna aliyekuwa anauza. Shaba zaidi ya asilimia 98, zinki hakuna. Kinyago cha mabomba kikatoka kwenye orodha. Ila kifaa hicho kinasoma ngozi tu, sehemu ndogo sana ya milimita, na ngozi ya shaba kuukuu imejaa udongo na kutu ya kijani. Tena kiwanda cha Shituru pale Likasi kimekuwa kikitoa shaba ya umeme tangu 1929, safi kupita asilimia 99. Mtu akiyeyusha waya wa umeme leo akamimina X kwenye mchanga, metorex itamsifu zaidi kuliko msalaba wa shangazi.

Bei ya msalaba, mara tatu

Tuseme tani ya shaba ni dola 9,000. Msalaba wetu una shaba ya dola sita na senti 41. Mei 2024 bei ilipopita dola 10,000 ulifika dola saba, wiki chache, kisha ukarudi. Ukiuchukua huohuo ukaupeleka kwa muuza vitu vya kale Ulaya, msalaba wa kawaida unauzwa kwa makumi ya dola, mara chache kwa mamia mawili matatu. Tofauti hiyo yote haimo kwenye madini. Ni bei ya hadithi, na wauzaji wanajua: hupenda kurudia kwamba msalaba mmoja ulinunua kilo kumi za unga, au kuku watano sita. Orodha hiyo huwa haina mwaka wala soko. Anayejua bei ya unga Likasi kati ya Novemba na Mei atakwambia bei isiyo na tarehe ina thamani gani.

Bei ya tatu ndiyo inayonivutia, ile aliyoilipa fundi. Malakiti, lile jiwe la kijani ambalo Katanga inajulikana nalo, lina asilimia 57.5 ya shaba likiwa safi kabisa. Kwa hiyo gramu 712 zinadai angalau kilo 1.24 za malakiti, kama hakuna hata punje iliyopotea. Hakuna tanuru la namna hiyo. Tuchukue mawe yaliyochaguliwa kwa mkono yenye asilimia 35, na tukubali kwamba nusu ya shaba ilibaki kwenye mavi ya tanuru: kilo nne. Kuhusu makaa, au makala kama tunavyoyaita sisi, nitakisia kilo 10 kwa kila kilo ya shaba. Ni kisio langu, kila mtu abadilishe atakavyo. Hapo msalaba mmoja unakula kilo saba za makala, na kwa kuwa tanuri la udongo hutoa kilo 15 hivi za makala kwa kilo 100 za kuni, tunafika kama kilo 47 za miti ya miombo. Kilo 47 za mti kwa kitu unachoweza kufunikia pipa. Jiwe lenyewe lilikuwa sehemu nyepesi ya kazi.

Tunajua kazi yenyewe ilivyokwenda kwa sababu Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenediktini aliyekuwa mkuu wa kanisa Katanga, aliwakuta wazee waliokuwa bado wanaukumbuka ufundi, wakawasha tanuru mbele yake, naye akachapisha maelezo 1926. Aliwaita wala shaba. Neno hilo halina ajabu kwetu: mtu anakula cheo, anakula mwezi, hata mukuba, yaani shaba, unaliwa. Kiangazi kilipoanza na mtama ulipokwisha kuvunwa, watu walihamia migodini. Wanawake na watoto waliokota malakiti ya juu juu, wanaume wakachimba mashimo. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hauvunjiki upesi kwa moto, likapulizwa kwa mivukuto. Juu ya wote alikuwapo fundi mkuu mwenye dawa na miiko yake, na nafasi hiyo haikununuliwa sokoni. Ilirithiwa.

Nadhani hapo ndipo sababu ya kukosekana saini ilipo. Fundi wa Kijapani aliuza mkono wake. Mteja alitaka kujulikana kwamba kisahani chake kimetoka kwa fulani. Msalaba ulitoka kambini kama mali ya wala shaba na ya mkuu wa nchi, na ulikwenda kugawanywa, kulipiwa ushuru, kuolea. Jina la mtu mmoja lingekuwa la nini hapo?

Kisha mzigo. Mpagazi wa misafara ya bara alibeba kilo 30 na kitu. Hiyo ni misalaba 42 ya aina ya shangazi kichwani. Kutoka Kambove hadi Bagamoyo, kwa mstari ambao ndege tu ndiye anaweza kuupita, ni kama kilomita 1,400; kwa kilomita 20 kwa siku ni siku 70, bila mito, bila njaa, bila kupumzika, na huyo mpagazi anakula kila siku. Ndiyo maana pembe za ndovu ndizo zilizokwenda pwani na shaba nyingi ikabaki bara, mikononi na miguuni mwa watu kama waya na bangili. Kalasa, baba yake Msiri, alikuja toka Usumbwa kufuata shaba hii, na mwanawe akabaki, akatawala Bunkeya mpaka alipopigwa risasi na ofisa wa msafara wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji tarehe 20 Desemba 1891. Watu wake, Wayeke, walisifika kwa kuvuta waya. Livingstone, katika shajara zake za mwisho, anataja mikuo ya Katanga yenye umbo la herufi kubwa I, ya ratili 50 hadi 100. Mkuo mmoja, mpagazi mmoja, na mkubwa zaidi ungemshinda. X ya gramu 712 ni kitu kingine kabisa: chenji.

Risasi iliyozaliwa na urani

Hapa ndipo bei inapopanda ghafla, na ndipo sayansi inapoanza kusema kitu ambacho jicho haliwezi.

Ndani ya shaba yoyote kuna risasi kidogo, wakati mwingine sehemu chache tu katika milioni. Risasi ina sura nne zenye uzito tofauti: 204, 206, 207 na 208. Ile ya 204 ilikuwapo tangu dunia iumbike na haiongezeki. Zile tatu zinaendelea kuzaliwa, kwa sababu urani na thori zinaoza na mwisho wake ni risasi. Urani 238 inapungua nusu kila miaka bilioni 4.47 na kuacha risasi 206. Ikikaa jiweni miaka milioni 600, karibu asilimia tisa yake imekwisha kugeuka. Kwa hiyo ukipima uwiano wa 206 kwa 204 unapata alama ya jiwe ambalo shaba ilitoka, na moto wa tanuru hauibadilishi alama hiyo. Risasi ya kawaida duniani ina uwiano wa 18 au 19. Kwenye madini ya ukanda wetu namba hutawanyika, na nyingine zinapita 20 kwa mbali.

Kwa nini kwetu? Anayekaa Likasi hahitaji kuambiwa. Shinkolobwe iko hapa, katika teritware hiihii ya Kambove. Robert Sharp aliigundua 1915, na urani yake, iliyokuwa na utajiri usio na mfano, ndiyo Wamarekani waliikuta imekwisha kuwekwa kwenye ghala la Staten Island, tani 1,200 hivi, walipoanza kutengeneza bomu la atomiki. Urani hiyohiyo, ikiwa imetapakaa chembe chembe kwenye miamba ya shaba kwa mamia ya mamilioni ya miaka, ndiyo iliyoitia shaba ya Katanga alama yake. Msalaba unaofunika unga wa shangazi na bomu la Hiroshima vina ukoo mmoja kwenye jedwali la risasi. Sikumwambia. Angeutupa.

Mwaka 2019 Frederik Rademakers, Nicolas Nikis na wenzao walichapisha vipimo vya kwanza vya namna hii kwa misalaba ya Afrika ya Kati, wakitumia hasa ile iliyohifadhiwa Tervuren, Ubelgiji. Mwaka 2023 Jay Stephens, David Killick na Shadreck Chirikure wakafanya vivyo kwa mikuo zaidi ya 30 iliyofukuliwa Zambia na Zimbabwe, ya karne ya 6 hadi ya 19. Sehemu kubwa ya shaba hiyo ilirudi kwenye Ukanda wa Shaba. Kwa mtu wa Kambove hiyo ni habari: kuna misalaba iliyozikwa na watu Ingombe Ilede, karibu na Zambezi, pamoja na dhahabu na shanga za kioo, kati ya karne ya 15 na 17, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa.

Sasa bei. Kuchukua unga kidogo wa shaba kwa keekee nyembamba, kuusafisha na kuupima kwenye mashine, kunagharimu mamia ya dola kwa sampuli moja, na maabara zenyewe ziko Ulaya, Marekani au Afrika Kusini. Ongeza usafiri na vibali. Ukishalipa, unapata nini? Unapata ukanda wenye urefu wa kilomita zaidi ya 400, kutoka Kolwezi hadi ng'ambo ya mpaka Zambia. Ukibahatika, unapata upande mmoja wa ukanda huo. Ni kama kumtafuta mtu ukaambiwa anatoka Afrika Mashariki.

Tarehe nayo haimo ndani ya shaba. Kipimo cha kaboni kinahitaji kitu kilichokuwa hai: makaa yaliyonaswa kwenye mavi ya tanuru, au mfupa uliolala kaburini pamoja na msalaba. Kila sampuli ni mamia ya dola tena. Na kwa vitu vya baada ya 1650 hivi, kipimo hicho kinaanza kubabaika, kinakupa miaka 300 kwa mkupuo mmoja: labda zama za karibu na babu wa babu, labda zama za reli.

Waakiolojia wamepata njia ya mkato: umbo. Pierre de Maret, aliyefukua makaburi ya Sanga kwenye bonde la Upemba, kilomita karibu 300 kaskazini ya hapa, aliipanga mikuo kwa herufi. HIH ni ile yenye umbo la I yenye mikia ya samaki. HX ni msalaba. HXR ni msalaba wenye ukingo ulioinuka, na wa aina hiyo ndio uliochongewa kalibu ya jiwe laini iliyookotwa Great Zimbabwe. HH ni misalaba midogo yenye umbo la H. Katika makaburi ya Upemba misalaba inaonekana tangu karne ya 13 hivi, na kadiri karne zinavyopita inakuwa midogo na yenye kulingana zaidi, inafungwa vifurushi na kuwekwa karibu na mikono au kiunoni mwa marehemu. Kitu kinachopungua ukubwa na kulingana ni kitu kinachohesabiwa. De Maret aliita makala yake ya 1981 mageuzi ya fedha, na sioni sababu ya kubishana naye.

Msalaba wa shangazi ni mkubwa mno kwa HH. Ni X, na X zimesubiwa katika vipindi zaidi ya kimoja, hadi zile za wala shaba wa mwisho. Umbo peke yake lilinifikisha hapo, bila senti.

Kalibu na mkono

Kuna mzee mtaa wa pili mwenye msalaba wake, anautumia kuwekea pasi ya makala. Aliniruhusu niubebe kwa nusu saa. Gramu 655. Niliuweka juu ya ule wa shangazi, nikauzungusha kila upande. Mikono mitatu ililala sawasawa, wa nne ukatoka nje kwa upana wa kidole. Nikajaribu tena, ukatoka palepale.

Jambo hilo dogo lina maana kuliko metorex. Ukimimina shaba kwenye kalibu ya jiwe au ya udongo uliochomwa, kalibu inabaki, na misalaba inatoka mapacha. Ukiwapata mapacha wawili mbalimbali, umepata karakana moja. Ukichora X kwenye mchanga au udongo mbichi, kalibu inaharibika ukiutoa msalaba, na wa pili unachorwa upya. Hapo hakuna mapacha. Kuna ndugu, wanaofanana mwendo: pembe ileile kati ya mikono, upana uleule, mkono mmoja unaopinda upande uleule kwa sababu mchoraji alikaa upande huo wa shimo na alitumia mkono wa kulia. Kitu kinachofanana na saini ya Kijapani, kama kipo kwetu, ndicho hicho. Lakini misalaba miwili haitoshi kukisoma. Ningetaka mia, kila mmoja umepimwa uzito, pembe na unene, na kila mmoja ukijulikana ulikookotwa. Gharama ya kazi hiyo ni mizani ya dola 15, rula, simu ya kupigia picha na mtu mwenye subira. Ni rahisi kuliko kipimo kimoja cha risasi.

Tatizo ni hilo neno la mwisho, ulikookotwa. Misalaba mingi iliyoko nje iliondoka Katanga bila anwani. Nyingine si ya zamani kama inavyodaiwa: wazee waliowasha tanuru kwa ajili ya de Hemptinne walisubu shaba ya kweli kwa ufundi wa kweli, lakini ni mali ya zama za gavana na pikipiki. Kisha msalaba ukawa nembo. Serikali ya Katanga ya Tshombe, iliyojitenga na Kongo Julai 1960, iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake, na 1961 ikatoa sarafu za faranga moja na tano zenye msalaba huohuo. Baada ya hapo kila mfua shaba wa mjini alijua X inauzika.

Kwa jumla, niliandika hesabu nyuma ya daftari. Maji, bure. Metorex, bure kwa hisani. Umbo, bure. Risasi, mamia ya dola, na makaa kama yangepatikana, mamia mengine. Kukifikisha kitu maabara na kukirudisha, sitaki kukisia. Ningeshatumia mara kadhaa bei ya msalaba wenyewe ili nijue umetoka Katanga, jambo ambalo shangazi anajua. Kwa mwenye tsuba yenye jina zuri, gharama ya cheti inarudi siku ya kuuza. Kwetu hairudi, kwa hiyo vipimo vinafanywa na majumba ya makumbusho na vyuo vikuu, kwa vitu vilivyoko tayari kwenye kabati zao, na vya kwenye mapipa ya unga vinaendelea kufunika unga.

Nina namba moja zaidi, niliifanya usiku huo kwa ubishi tu. Mwaka 2024 Kongo ilitoa takriban tani milioni tatu za shaba. Ni kilo 95 kila sekunde, usiku na mchana. Kwa uzito wa msalaba wa shangazi ni misalaba zaidi ya 130 kwa sekunde. Kampuni ya Union Minière, ikiwasha tanuru lake la kwanza Lubumbashi 1911, ilipata kama tani 1,000 mwaka huo, yaani misalaba milioni moja na laki nne. Siku hizi nchi inamaliza kiasi hicho kwa saa tatu. Na katika shaba yote hiyo inayopita barabarani mbele ya nyumba ya shangazi, kwenye malori yenye foleni hadi mpaka wa Kasumbalesa, hakuna bamba hata moja ambalo mtu atauliza nani alilimimina. Lina namba ya kundi iliyopigwa chapa na jina la kampuni.

Kesho yake asubuhi nilimrudia shangazi na daftari. Nilimwambia swali la nani nimeliacha, sasa nataka la wapi. Babu aliukuta wapi hasa? Akafikiri, mkono kwenye pipa. Palikuwa shamba la mihogo, alisema, ng'ambo ya kijito. Babu alikuwa analima matuta mapya, jembe likagonga.

Jembe liligonga nini kingine?

"Mawe meusi. Mazito, yanang'aa yakivunjika, kama chupa. Yalitukera, tuliyatupa pembezoni mwa shamba, lundo zima."

Nilimuuliza kama pembeni mwa hayo mawe huota kitu. Mihogo haikukubali pale, alisema, ila kuna majani mafupi, yenye harufu kama kivumbasi. François Malaisse na wenzake walionyesha kwamba mmea mmoja wa jamii ya rehani, Haumaniastrum katangense, hupenda udongo uliojaa shaba, na kwa kuufuata waligundua mahali pa matanuru ya kale ambayo hayakuwa yakionekana juu ya ardhi.

Niliandika: gramu 712, sentimita 20, shamba la babu, ng'ambo ya kijito, mavi ya tanuru, lundo. Ndani ya lundo kutakuwa na makaa. Shangazi aliuchukua msalaba, akaurudisha juu ya mfuniko, akaniuliza kama nitakunywa chai kwanza au tutavuka kijito kabla jua halijawa kali.